Watani Tuliowakuta Ulaya

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, viongozi, wazee wetu mlioishi huku tangu sisi hatujazaliwa, na ninyi wanafunzi wapya mlioshuka juzi, makoti bado yananukia duka: shikamooni wakubwa, na wadogo zangu poleni na baridi.

Nimepewa nafasi niwaeleze wapya namna mwanafunzi anavyoweza kutumia likizo ya muhula. Nadhani Katibu aliponiomba alitegemea nitazungumzia vibarua vya ghalani na jinsi ya kutafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Hayo yatasemwa na wengine baada ya chakula, na ni ya muhimu, maana kodi ya bweni haimngoji mtu. Mimi nataka kuzungumzia kutembea, na zaidi nataka kuzungumzia kicheko. Kila mwaka naona wenzetu wanamaliza shahada hapa Göttingen, Ujerumani, wanafunga mizigo, na ukiwauliza hawa Wazungu ni watu wa namna gani, wanakujibu: wakavu, hawacheki, wanaishi kwa saa. Mtu amekaa miaka miwili katikati ya watu na hajui wanacheka nini. Hilo linanisikitisha, na nalisema wazi mbele yenu.

Wengi mnajua mimi ni Mngoni wa Songea. Mwenzangu wa safari, ambaye yumo humu ukumbini na tayari ameshaanza kuninyooshea kidole, ni Mhehe wa Iringa. Kwa wenzetu wa Kenya, Burundi na Kongo ambao hawakukulia kwenye mambo haya, niseme kwa ufupi. Wazee wetu walipigana vibaya sana mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880. Baadaye wajukuu wao wakawa watani. Maana yake ni kwamba huyu bwana ana haki ya kuniambia lolote na mimi sina haki ya kukasirika. Wahehe tunawatania kwamba wanakula mbwa, kwa hiyo mbwa wa jirani akipotea, mimi namuuliza Mhehe kwanza. Akifiwa, mimi naweza kulala mbele ya gari la maiti mpaka nipewe changu, nikavaa koti la marehemu na kutembea alivyokuwa anatembea, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Anayemcheka mfiwa ndiye huyo huyo anayechimba kaburi na kubeba maji ya kupikia. Hakuna utani bila kazi hiyo ya pili.

Mwezi Julai, mitihani ikiwa imekaribia, tulikubaliana kitu kimoja. Tusizunguke kupiga picha minara ambayo kila mtu ameshaipiga. Twende kutafuta watani wa Ulaya. Popote penye miji miwili inayotaniana, tulale katika yote miwili, tusikilize kila upande unavyomsema mwenzake. Hiyo ndiyo iliyochora ramani yetu.

Tulianzia karibu, Köln na Düsseldorf. Miji hii imekaa kwenye Mto Rhine, na kati yake ni kama kilomita 40. Ukiwasikia wenyewe wanavyoongea utadhani kuna jangwa katikati. Köln wana bia yao nyeupe, Kölsch, inayoletwa kwenye glasi nyembamba ya mililita 200. Düsseldorf wana bia yao nyeusi, Altbier. Kuagiza ya huku ukiwa kule ni sawa na kumtukania mtu mama yake. Hata kelele za sikukuu yao ya kanivali hawashirikiani: hawa wanapiga “Alaaf”, wale wanapiga “Helau”. Ukikosea, mtaa mzima unakugeukia.

Sasa, mtani wangu ni mlokole, hagusi pombe. Tuliingia kwenye baa moja kongwe ya Köln tupate chakula. Wahudumu wa baa hizo wana jina lao, wanaitwa Köbes, wanavaa aproni ya buluu, na ni desturi yao inayojulikana mji mzima kumchokoza mteja. Hakuulizi kama unataka glasi nyingine. Yako ikiisha anakuwekea mpya, anachora mstari kwa kalamu ya risasi kwenye kile kikaratasi kigumu cha chini ya glasi, na ataendelea hivyo mpaka uweke kikaratasi juu ya glasi kumwambia basi. Mtani wangu akaagiza maji. Köbes, mzee wa makamo mwenye tumbo la heshima, akamtazama kwa utulivu akamuuliza: “Nikuletee na sabuni na taulo?”

Meza ya jirani ikanyamaza. Watu walitaka kuona Mwafrika huyu atafanya nini. Mhehe hakubabaika. Akamjibu kwa Kijerumani chake cha Iringa: “Sabuni ninayo. Taulo ndiyo nimesahau.” Baa ililipuka. Yule mzee akaondoka bila neno, akarudi na glasi ya maji kwenye sinia, na mkononi ametundika kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri kabisa, akamwekea begani. Kuanzia hapo hatukuwa wageni tena. Jamaa wa meza ya pili walivuta viti, wakatuuliza tumetoka wapi, tunasoma nini, na tulipowaambia kesho tunakwenda Düsseldorf walitupa pole za msiba.

Nataka mlitazame kwa makini hilo la sabuni na taulo. Wengine wetu tungekasirika. Tungeandika kwenye kundi la simu kwamba tumedharauliwa. Lakini yule mhudumu huwaambia hivyo watu wa kwao kila siku, na huu ni mzaha wa kazi yake. Alikuwa anamuuliza mtani wangu swali moja tu: unacheza au huchezi?

Düsseldorf walitupokea kwa furaha waliposikia tumetoka Köln salama. Kuna mama mmoja mstaafu tuliyekaa naye kwenye treni, akatueleza kwamba yote yalianza na vita vya Worringen, tarehe 5 Juni 1288, na kwamba baada ya ushindi Düsseldorf ikapewa hadhi ya mji, watoto wakapiga sarakasi barabarani kwa furaha. Ni kweli mji ulipata hadhi hiyo mwaka ule ule, na sanamu za watoto wanaopiga sarakasi mtaziona kila kona. Kinachochekesha ni kwamba katika vita hivyo wananchi wa Köln walikuwa upande mmoja na mtawala wa Düsseldorf. Walikuwa wanampiga askofu mkuu wao wenyewe! Tulipomkumbusha mama yule, alitikisa mkono. Alihamia kwenye kanisa kuu la Köln: walianza kulijenga mwaka 1248, wakaja kulimaliza 1880, na kwa zaidi ya miaka 300 winchi ya ujenzi ilisimama juu ya mnara usiokwisha, mji mzima ukiitazama. Kwa hiyo, alituambia, mkikutana na fundi wa Köln msimpe malipo ya awali.

Kutoka hapo tulishuka kusini. Freiburg nilikuwa na sababu ya kikazi, maana mtu anayesomea misitu kama mimi asipofika kwenye Msitu Mweusi atajieleza vipi kwa walimu wake. Mji wenyewe ni mzuri mno, na katikati ya mitaa yake hupita vijifereji vya maji safi, wanaviita Bächle. Wanaamini kwamba mgeni akitumbukiza mguu humo bila kukusudia, ataoa au ataolewa na mtu wa Freiburg. Mtani wangu alitembea siku nzima ameinamisha kichwa, anapima kila hatua, kwa sababu ana mchumba Mafinga.

Kilichotuleta pale hasa kiko juu ya kanisa kuu. Mafundi wa zamani walichonga sanamu kwenye kingo za paa za kutemea maji ya mvua, nyingi zina sura za majoka na mashetani. Moja imechongwa mtu aliyeshika ukuta kwa mikono na miguu, amebinua makalio kuelekea uwanjani, na maji ya mvua hutokea hapo hapo mnapopafikiria. Husimuliwa kwamba fundi alidhulumiwa ujira wake, akawaelekezea wakubwa jibu lake. Limekaa pale karne na karne, waumini wanapita chini yake kwenda ibadani, na hakuna padri aliyeamuru liondolewe. Nimelifikiria sana jambo hilo.

Basel, ng'ambo ya mpaka, nchini Uswisi, ni mji mmoja wenye watani wawili, umegawanywa na mto. Upande mmoja ni Grossbasel, palipokuwa na matajiri na kanisa kuu. Upande wa pili ni Kleinbasel, palipokuwa na mafundi na watu wa kawaida. Katika karne ya 17, kwenye lango la daraja upande wa matajiri, paliwekwa kichwa cha mfalme kilichounganishwa na mashine ya saa. Kilikuwa kinazungusha macho na kuutoa ulimi nje, kuutazamisha upande wa pili wa mto. Mchana kutwa, usiku kucha, mfalme anawatolea watu ulimi! Lango lilibomolewa mwaka 1839, kichwa chenyewe kipo makumbusho, lakini nakala yake imewekwa karibu na daraja na bado inafanya kazi ile ile. Watu wa Kleinbasel nao wana jibu. Kila Januari mtu wao mmoja, amevaa majani na kubeba mti uliong'olewa na mizizi yake, anateremka na mto kwenye chelezo huku akicheza ngoma, na njia nzima anawaelekezea Grossbasel mgongo na yote yaliyo chini ya mgongo. Tiketi yetu ya mwezi ya treni za mikoa ya Ujerumani inaishia stesheni ya upande wa Kleinbasel, kwa hiyo tulijihesabu ni watu wa upande huo, na tulipopita darajani tukamrudishia mfalme ulimi wake. Polisi mmoja wa Uswisi alituona. Alicheka, akatuonyesha mahali pazuri zaidi pa kusimama.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu kuna jambo sitaki wapya mlielewe vibaya. Mizaha mingine siyo utani. Katika hosteli moja ya Milan, Italia, kijana mmoja wa chumbani mwetu alituuliza kama nyumbani tunalala juu ya miti kuwakimbia simba. Tulimtania nasi kuhusu kwao, kwa wema kabisa, akanuna, akahama kitanda. Mtu anayerusha na hataki kurushiwa amekuja kukudharau, na huna deni la kumchekea. Mwambieni hapo hapo kwamba hamkupenda. Nimeona wenzetu wakicheka kwa adabu na baadaye wanalia chumbani, na inaniuma.

Na kuna jingine zito zaidi. Mimi nimezaliwa Songea, mji uliobeba jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji. Mara nyingi marafiki zangu wa Kijerumani, wakishasikia habari za Wangoni na Wahehe, huniuliza kama siku moja na wao wanaweza kuwa watani zetu. Ni swali zuri na wanaliuliza kwa moyo mweupe. Ninawajibu kwamba Mhehe na Mngoni walizikana kwanza. Mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea, akakutana na kizazi cha Nduna Songea na kuomba msamaha, na familia hiyo bado inalitafuta fuvu la mzee wao. Wafiwa wapate maiti yao kwanza. Mambo ya kulala mbele ya gari yatakuja baadaye yakitaka.

Turudi safarini. Kutoka Milan tulikwenda Modena, na hapo ndipo mtani wangu alipoanza kuamini kwamba nilikuwa na akili timamu nilipopanga safari hii.

Modena wana ndoo. Ni ndoo ya kawaida ya kisimani, ya mbao, ina pete za chuma na mkono wa kubebea. Mimi nasomea mambo ya mbao, nikaisogelea mpaka mlinzi akakohoa. Ile ya asili imehifadhiwa kwenye jengo la manispaa, na nakala yake imetundikwa ndani ya mnara wa Ghirlandina. Ndoo hiyo ni ya Bologna, na Modena wameikalia tangu mwaka 1325! Novemba ya mwaka ule miji hiyo miwili ilipigana mahali panapoitwa Zappolino. Modena walishinda, wakawafukuza wenzao mpaka kwenye kuta za Bologna, na hawakuingia. Walikwenda kisimani nje ya lango, wakachukua ndoo, wakarudi nayo nyumbani. Masimulizi ya mitaani yanasema vita ilianza kwa sababu ya ndoo. Wanahistoria wanasema ndoo ilichukuliwa baada ya vita, kuwakera tu. Mimi naona hiyo ya pili ndiyo tamu zaidi. Umeshamshinda mtu, mji wake uko mbele yako, na wewe unachoona kinafaa kuchukua ni ndoo ya kuchotea maji.

Mtani wangu aliitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: “Na nyie Wangoni mlipokuja kwetu, mlichukua nini?” Nikamwambia hakukuwa na cha kuchukua, mbwa walikuwa wameshaliwa. Mlinzi aliyekohoa akataka kujua tunacheka nini, na tulipomweleza kwa lugha tatu zilizochanganyika alishika mbavu, akaita mwenzake wa ghorofa ya chini aje asikie. Halafu akatuonya: tukifika Bologna tusiseme tumeiona, maana watatuuliza kama imetunzwa vizuri.

Na kweli, Bologna walituuliza. Mama aliyetupangisha chumba alisema kwa uso mkavu kwamba wao ndio waliowaachia ile ndoo kwa huruma, kwa sababu Modena hawakuwa na chombo cha kuchotea maji. Kisha akageukia ugomvi ambao kwake ni mkubwa kuliko ndoo: tortellini. Hivyo ni vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama, vinapikwa kwenye supu, na kila mji unadai ndio uliovibuni. Mwaka 1974 Bologna waliandikisha mapishi yao rasmi kwenye chemba yao ya biashara. Kati ya miji hiyo miwili kuna mji mdogo, Castelfranco Emilia, na wenyewe wanasimulia kwamba mwenye nyumba ya wageni alimchungulia mungu wa kike Venus kwenye tundu la kitasa, akauona kitovu chake, akakimbilia jikoni kukiiga kwa unga. Mama yule alitufundisha kuvikunja jioni nzima. Unakata kipande cha mraba kidogo kuliko kitambulisho cha chuo, unaweka nyama kiasi cha punje ya harage, unakunja pembe tatu, halafu unazungushia ncha ya kidole cha shahada na kubana. Vya mtani wangu vilifunguka vyote kwenye supu. Mama akasema hivyo ndivyo wanavyovipika Modena.

Bologna ni mji wa wanafunzi. Chuo kikuu chao wanakihesabia umri tangu mwaka 1088. Wanafunzi wa pale wana mwiko mmoja: usipande mnara wa Asinelli kabla hujamaliza masomo, ukipanda humalizi. Nilikutana na jamaa wa mwaka wa sita ambaye hajawahi kukanyaga hata ngazi ya kwanza. Tangu mwaka 2023 mnara umefungwa kwa sababu za usalama, maana jirani yake, Garisenda, umeinama kupita kiasi. Wanafunzi wanasema sasa wamekwisha: anayefeli hana tena wa kumsingizia.

Tulimalizia pwani, Pisa na Livorno. Treni kati yao haifikishi nusu saa. Pisa mnaijua wote, na mtaikuta ilivyo, uwanja mzima umejaa watu wamenyoosha mikono hewani kuusukuma mnara kwa ajili ya picha. Ukisimama kwa pembeni, usiuone mnara, uone watu tu, ni kichekesho kitupu: babu, bibi harusi, watoto wa shule, wote wanasukuma hewa kwa bidii. Tulikaa kwenye nyasi asubuhi nzima kuwatazama, na sijutii.

Lakini roho yangu ilibaki Livorno. Ni mji wa bandari, watu wake wanaongea kwa sauti, wanaitana kutoka dirisha hadi dirisha, na sokoni kunanuka samaki wabichi na chumvi. Wana msemo wao kuhusu jirani: heri maiti ndani ya nyumba kuliko Mpisa mlangoni. Nao Wapisa wana jibu lao la kale, la upole kabisa: Mungu akujalie unachokiomba! Mzee mmoja muuza samaki alipotuuliza tumelala wapi, tukamwambia Pisa, alihamisha pochi yake kutoka mfuko wa nyuma kwenda wa mbele, polepole, huku anatutazama usoni. Kisha akatukatia kipande cha pweza tuonje, akatusimulia habari ya vichwa.

Habari hii ni ya kweli na imeandikwa sana. Livorno ndiko alikozaliwa Amedeo Modigliani, msanii mkubwa, mwaka 1884. Kulikuwa na masimulizi kwamba mwaka 1909 alirudi nyumbani kutoka Paris, akachonga vichwa vya mawe, marafiki zake wakamcheka, naye kwa hasira akavitupa kwenye mfereji wa mji. Ilipofika 1984, kuadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwake, manispaa ikaleta kijiko kuchimba tope la mfereji kuvitafuta. Siku zikapita, tope linatoka, matairi yanatoka, na watu wa Livorno wamejaa kingoni wanatoa maoni, mnajua watu wa bandari. Mwishowe vikatoka vichwa vitatu vya mawe! Wahakiki wa sanaa wakavichunguza, wengi wakathibitisha kwa maneno mazito kwamba huu ni mkono wa Modigliani mwenyewe. Magazeti ya dunia yakaandika.

Ndipo wakajitokeza vijana watatu, wanafunzi wa chuo, wako likizo. Wakasema: kile kimoja ni chetu. Waliona kijiko kinahangaika bila kupata kitu wakaona wakisaidie. Walichukua jiwe, wakalichonga bustanini kwa drili ya umeme, usiku wakalidumbukiza mfereji. Wakubwa hawakuwaamini. Waliwaambia haiwezekani vijana wasiojua sanaa watoe kazi yenye kina namna hiyo. Basi wale wanafunzi wakaenda mbele ya kamera za televisheni, nchi nzima inatazama, wakachukua drili na jiwe, wakachonga kingine. Vile viwili vilivyobaki ikaja kujulikana ni vya kijana mwingine, msanii wa pale pale aliyewahi kufanya kazi bandarini. Hadi kampuni ya kutengeneza drili ikaitumia habari hiyo kwenye tangazo lake.

Mzee wa samaki alisimulia hayo akiwa ameshika kisu hewani, anaigiza sauti ya drili, na wateja walisubiri bila kulalamika ingawa bila shaka wameisikia mara elfu. Nilimuuliza kama mji haukuona aibu. Akasema Wapisa walicheka mwaka mzima, na Livorno walicheka miaka miwili. Nilinunua samaki wake kwa ajili ya hilo jibu tu.

Wadogo zangu, nawaambia mambo haya kwa sababu nataka muyatafute mapema. Hata hapa Göttingen, nenda uwanja wa manispaa ukamtazame yule msichana wa bata bukini juu ya kisima, sanamu iliyowekwa pale mwaka 1901. Anayemaliza udaktari hapa hupelekwa kwa mkokoteni uliopambwa, anapanda kisimani na kumbusu. Mwaka 1926 polisi walipiga marufuku, wanafunzi wakaendelea kumbusu. Mmoja wa wazee wetu waliokaa mstari wa mbele alimbusu pia, na picha ipo. Mama yetu, mkewe, amekaa pembeni yake na anasema alishamsamehe, ingawa naona leo amemtazama tena.

Basi mambo ya utekelezaji. Kibali chenu cha ukaazi kinawaruhusu kutembea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180, na Uswisi imo, Uingereza haimo. Tembeeni na pasipoti halisi na kibali, siyo picha kwenye simu, kwa sababu mpakani polisi hupanda kwenye basi saa nane za usiku na wanawaanza watu wa rangi yetu. Tiketi ya mwezi ya treni za mikoa ilianza kwa euro 49 mwezi Mei 2023, sasa imepanda, lakini bado hakuna njia rahisi zaidi ya kuizunguka Ujerumani ukiwa huna haraka. Bebeni chupa ya maji. Wenye kuelewa wameelewa, vyoo vya huku ni karatasi tupu. Italia katikati ya Agosti maduka mengi yanafungwa, kwa hiyo nunueni mkate mapema.

Januari tunarudi Basel kumwona yule bwana wa kwenye chelezo. Sherehe hupokezana kati ya tarehe 13, 20 na 27, kutegemea chama kipi cha Kleinbasel kina zamu mwaka huo, na tarehe yetu ipo kwenye karatasi mezani kwa Katibu. Anayetaka kwenda aandike jina kabla ya kula. Nauli atakusanya mtani wangu Mhehe, hivyo chukueni risiti, na wenye mbwa waacheni nyumbani.